Mdomo Uliofika Kabla ya Maneno

Hofu ilinishika Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye kibanda nilichokuwa nimekodi nyuma ya stendi ya Voi. Dada mmoja wa Mbololo, kule mlimani, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, lakini sauti yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, kifungua mimba wa familia yao, ambaye ni mlinzi katika nchi moja ya Ghuba. Aliongea taratibu, kama mtu anayesomewa maneno na mwingine. Alisema ameitazama video ya baba yao mara nne. Alisema pale maneno ya kumwachilia yanaposikika, mdomo wa baba umefungwa.

"Huyo mtu wa simu," akauliza, "mlimwambia aweke maneno mdomoni mwa Baba?"

Mtu wa simu ni mimi.

Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu. Nimechunga ng'ombe wa watu Ndara, nimepakia ndizi Taveta, nimewapikia wajenzi wa barabara. Kilichonihamisha kila mara ni kutaka kujua. Nikiona redio nataka kuifungua, nikiona pampu ya maji nauliza inavuta vipi mpaka mwenyewe anichoke. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikitengeneza simu Voi, na kutoka simu nikaingia kwenye kurekodi arusi na mazishi na kuyapandisha mtandaoni ili walio mbali waone. Sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa na simu yenyewe, usiku na mchana, na vitu ambavyo mtu hujifunza peke yake huwa na mashimo asiyoyajua.

Dada yule alinijia wiki moja kabla. Baba yake alikuwa anasubiri kupasuliwa tumbo Jumanne iliyofuata, na madaktari hawakumficha kwamba umri wake haukuwa upande wake. Shida haikuwa upasuaji peke yake. Mzee na kifungua mimba wake walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja, tangu mama yao alipozikwa na kijana hakuja. Hakutuma hata neno la kusomwa kaburini. Mzee alikuwa amekaa na hilo jambo kifuani kama mtu anayekaa na mwiba, na dada aliamini, kama wengi wa kule juu wanavyoamini hata wakitoka kanisani, kwamba hasira ya mzazi ikizeeka moyoni haimdhuru mzazi tu. Inawatembelea watoto.

Kwa hiyo alimwomba baba yake atase. Mimi mama yangu alitoka Ukambani na nimekulia huku chini, kwa hiyo ilibidi nielezwe kutasa ni nini. Mzee huchukua kibuyu, hupiga funda, hulipuliza nje kwa midomo kama manyunyu, kisha husema maneno ya kuitoa hasira. Funda, pulizo, maneno. Funda, pulizo, maneno. Anataja waliotangulia, anataja nyumba, anataja watoto mmoja mmoja. Zamani ilikuwa pombe. Mzee huyu ni mtu wa kanisa, akasema atatumia maji ya miwa kutoka shambani kwake bondeni. Dada alikuwa na wasiwasi na mchungaji wake lakini akasema wasiwasi huo atautatua baadaye.

Kaka alikuwa amesema akiona kwa macho yake kwamba baba ameitoa, ataomba likizo na kuja kabla ya upasuaji. Asipoona, haji. Sharti lilikuwa hilo tu.

Nilipanda Mbololo Jumatatu kwa bodaboda na simu mbili. Moja niliifunga kwenye kigoda juu ya ndoo ili ichukue picha. Nyingine niliitia mfuko wa shati la mzee ichukue sauti, kwa sababu kule juu upepo unakula maneno. Nilipiga makofi mara moja mbele ya kamera, ndiyo alama ya kuunganishia picha na sauti baadaye. Mzee akaniuliza nampigia nani makofi na hajafanya kitu bado.

Tulikaa barazani mwa jiko. Alianza kukiwa na jua. Kabla hajafika kwa watoto, ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaingia uani kama mgeni asiyebisha, na kila kitu kikawa rangi ya majivu. Niliufurahia. Niliona picha itapendeza. Alianza na kitinda mimba akapanda juu, na kifungua mimba alimweka wa mwisho. Alipofika kwake akapiga funda, akapuliza mpaka ukosi wa shati ukalowa, akasema maneno yake, akaweka kibuyu chini. Dada alikuwa analia bila sauti. Hata mimi, nisiyejua Kidawida zaidi ya salamu, nilijua kuna kitu kimetoka pale.

Jumanne niliunganisha picha na sauti nikiwa kibandani, nikatazama dakika mbili za kwanza, zikawa sawa kabisa, nikaipakia na kumtumia dada kiungo cha siri cha familia. Kisha simu ikanilalamikia kwamba imejaa. Nikafuta picha ya asili ili nipate nafasi ya arusi ya Sagalla.

Sasa Jumatano niliifungua ile video na kuitazama yote, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Dakika ya tano, sawa. Dakika ya tisa, midomo imeanza kutangulia kidogo. Dakika ya kumi na sita, mzee anapuliza wakati jina linalosikika bado ni la binti yake. Na mwisho kabisa, pale jina la kifungua mimba linapotajwa na maneno ya kumwachilia yanapofuata, mzee kwenye picha ameshamaliza. Mdomo umefungwa. Anatazama kibuyu. Mtu asiyejua lolote angeapa kwamba mwingine alikaa pembeni akasema badala yake.

Nilifunga kibanda saa tano mchana na kukaa ndani.

Nilipompigia dada na kumweleza kwamba ni hitilafu, aliniambia jambo rahisi: nitume ile ya asili, yenye sauti ya kamera yenyewe, hata kama ina upepo, kaka aone haikuguswa. Nikamwambia niliifuta.

"Unajua kule kwetu watu watasema nini," akasema. "Watasema mtu wa nje alichezea maneno ya mzee. Na mzee akifa akipasuliwa, hakuna atakayesema ni daktari."

Sijui kama naamini mambo hayo. Naweza kusema tu kwamba mchana ule niliyaogopa zaidi ya vitu ninavyoviamini. Nilijiona nimeichukua hasira iliyokwisha kutoka na kuirudisha ndani, kwa kidole kimoja kwenye kioo.

Alhamisi nilipanda tena. Wazo langu lilikuwa la mtu aliyezoea arusi: bibi harusi akikatwa kichwa kwenye picha, unamwomba arudie. Nilimkuta mzee amelala mkekani mahali penye jua, amevaa sweta mbili, tumbo limevimba. Nilimsalimu, nikamweleza kosa langu lote bila kulipamba, nikamwomba atase upya, mara moja tu, kwa mtoto mmoja tu.

Alinitazama kama vile nimemwomba azae upya.

"Nitoe nini?" akauliza.

Nikasema, hiyo hasira, mzee.

"Haiko. Niliitoa Jumatatu, ulikuwa hapo. Nikishika kibuyu tena nitakuwa nasema bado iko. Nidanganye mbele ya hao niliowataja?"

Dada aliyekuwa anapepeta mahindi aliacha kupepeta. Akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza, akaniambia nisirudie ombi hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mzaha. Huko juu, kumwambia mzee arudie ni kumwambia mara ya kwanza haikushika. Angekuwa mwingine, alisema, angenifukuza kwa fimbo. Niliomba msamaha. Mzee akasema hana neno na mimi, ila nimletee betri za redio nikija tena, kwa sababu kijana wa duka humuuzia zilizokufa.

Niliteremka kwa miguu mpaka barabara kubwa. Nilihitaji kutembea. Nilichokuwa nacho sasa ni video moja iliyoharibika na sauti moja nzima iliyobaki kwenye simu ya pili, na siku mbili. Kaka alikuwa amesema atasubiri mpaka Jumamosi adhuhuri, kisha ataifuta likizo.

Ijumaa sikufungulia mteja mlango. Jambo la kwanza nililotaka kujua ni kwa nini. Nilisoma mtandaoni mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Nilichoelewa ni hiki: kamera ya simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Imeambiwa ipige picha thelathini kila sekunde, lakini mwanga ukipungua inahitaji kufungua jicho kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kila baada ya sekunde chache inakosa picha moja. Programu yangu ya kuunganisha haikujua. Ilizipanga zote kana kwamba ni thelathini. Basi picha zilizokuwa chache zikakimbia, na sauti, ambayo hujiendea mwendo wake wala haijali mwanga, ikabaki nyuma.

Ukungu. Ule niliosema utapendeza.

Nikaanza kurekebisha, na mara ya kwanza nikakosea tena. Niliivuta picha yote iwe ndefu kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho. Mwisho ukakaa sawa, lakini katikati pakavurugika, na mwanzo, uliokuwa mzuri, sasa mzee alisema kabla ya kufungua mdomo. Niliona jinsi mtu anavyoweza kuendelea kuharibu kitu kwa nia njema mpaka kisitambulike.

Nilikaa nikaisikiliza sauti peke yake, nimefumba macho. Na katika kusikiliza ndipo nilipotambua kwamba mzee alikuwa amenipa alama wakati wote. Kila pulizo lilikuwa na sauti yake, pfuu, kali na fupi, na kila pulizo lilionekana kwenye picha, manyunyu meupe yakiruka kutoka midomoni. Hakuna kofi bora kuliko hilo. Nilihesabu mapulizo kumi na saba. Sita ya kwanza, kabla ya ukungu, yalikaa mahali pake. La saba lilikuwa limepishana kwa muda wa kupepesa jicho. La kumi, muda wa kusema "basi". La kumi na saba, karibu sekunde tatu.

Niliikata video kwenye kila pulizo na kuinyosha kipande kwa kipande, kila kimoja kwa kiasi chake, manyunyu yakutane na mlio. Ni kazi ya kushonea shanga. Ukikosea kimoja vyote vinavyofuata vinahama. Sikuisikia stendi nje, wala wapiga debe. Ninachokumbuka ni mdomo wa mzee, mkubwa kwenye kioo, ukifunguka na kufungika, na woga wangu kwamba nikiutazama sana nitaanza kuuona unasema ninachotaka useme. Hilo liliniogopesha kuliko yote. Kwamba kaka hakuwa mjinga. Nilikuwa kweli nimekaa kwenye kibanda Voi nikiyaweka maneno ya mtu mdomoni mwake, na tofauti kati ya kurekebisha na kughushi ilikuwa ndani ya kichwa changu peke yake.

Saa kumi jioni iliisha. Nilipoitazama pulizo la kumi na saba likatoka, jina likafuata, na midomo ikalitamka. Nikaituma.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai. Kaka alimwambia dada, na dada akanipitishia neno kwa neno: sasa ndiyo ameamini kabisa. Kumbe inawezekana kuubandika mdomo kwenye maneno. Ya kwanza walibandika vibaya, ya pili wamebandika vizuri.

Nilicheka, kicheko cha mtu anayeanguka. Kisha nikafanya jambo lililobaki. Nilimwomba dada namba ya kaka yake nikamrekodia ujumbe wa sauti. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia nilifuta ya asili na kwa nini, kwamba nilitazama dakika mbili tu kwa uvivu, kwamba nilirekebisha vibaya kisha nikarekebisha tena. Nilimweleza ukungu. Nilimwambia pia kwamba nilimwomba baba yake arudie, na alichonijibu. Sikumwomba aniamini. Nilimwomba ampigie baba yake simu ya video, nami ningepeleka simu mpaka mkekani.

Hakujibu Ijumaa. Jumamosi saa tatu nilipanda Mbololo bila kuitwa, na betri za redio mfukoni. Dada hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa kigoda. Tulikaa tukiitazama simu yangu kana kwamba ni sufuria iliyo motoni. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mzee alilala akaamka. Mara moja aliuliza kama ni leo anapelekwa hospitalini, dada akamwambia ni Jumatatu, akasema haya.

Ilipolia ilikuwa imebaki dakika ishirini kufika adhuhuri. Uso wa mwanaume mwenye sare ya ulinzi ukatokea, mkubwa kuliko nilivyomfikiria, ndevu zina mvi. Nilimpa mzee simu, na kwa sababu mikono yake ilitetemeka niliishikilia kwa chini. Kaka alianza kwa Kidawida, kisha akasema tuongee Kiswahili, huyo mtu wa simu naye asikie.

Mtandao kule juu si wa kutegemea. Niliona mara moja kwamba hauko sawa: sauti yake ilifika, midomo ikafuata nyuma. Nilijua kwamba na yeye kule anaona hivyo hivyo, na kwamba mambo yote yangeishia hapo, mdomo wa baba yake ukimsaliti kwa mara ya tatu.

Nilimwona akisogeza uso karibu na kioo.

"Baba," akasema, "hesabu mpaka tano. Kwa vidole."

"Unanipima kama mtoto wa nasari?"

"Hesabu tu, Baba."

Mzee akauinua mkono wake mkavu mbele ya simu akahesabu, moja, mbili, kwa sauti, akitoa kidole kwa kila neno, akafika tano na kuukunjua wote. Tukasubiri.

"Umesema tano," kaka akasema polepole, "na mimi naona viwili." Baadaye kidogo: "Sasa vitatu." Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Na hakuna mtu ameshika kitu hapo."

"Kuna huyu dada wa kurekodi, ameshika simu," mzee akasema, "na anaitetemesha."

Jogoo alipita uani. Kaka alijifuta uso kwa mkono wa sare, akarudi kwenye lile lililokuwa limemkaa siku hizo zote.

"Mdomo wako ulikuwa umefungwa, Baba. Niliuona."

"Ulikuwa na maji ya miwa mara kumi na saba. Ulitaka niongee nimejaza?" Mzee akakohoa, akashika tumbo, akangoja maumivu yapite. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Mama yako ulimwacha azikwe na wengine. Nilikaa nalo. Jumatatu nikalitoa, dada yako alikuwepo. Sitalitoa tena kwa sababu haliko. Ukitaka kulitafuta, litafute wewe. Mimi ni mgonjwa."

Nilitazama chini kwenye vumbi. Niliogopa kumtazama dada, niliogopa kuitazama simu. Nilisikia mtu kule mbali akipumua kwa mdomo, na nyuma yake sauti ya gari linalorudi nyuma, pii, pii, pii. Nilijua kwamba asiposema kitu sasa atakata, na akikata nitaishi na ukimya huo popote nitakapohamia.

"Barabara ya juu wameitengeneza," kaka akauliza, "ama bado watu wanashuka njia panda wanatembea?"

"Wameitengeneza mpaka kanisani," mzee akasema. "Ukishafika hapo, tembea. Na usije na hicho kiatu cha askari, utateleza utuletee mgonjwa wa pili."

Nikasikia akicheka. Niliinua macho haraka nikatazama kioo. Uso ulikuwa bado umekunjamana, macho mekundu, midomo imebana, na kicheko kile kinasikika juu yake kama cha mtu mwingine. Nikaishika simu kwa mikono yote miwili isisogee, nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, mpaka uso nao ukafika.